Ngozi ya Maji

Mimi ni mwalimu wa kemia na fizikia katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji wa Tabora. Vitabu tunavyofundishia ni vya Kiingereza, mitihani nayo ni ya Kiingereza, lakini mwanafunzi akikukodolea macho huku haelewi, huna njia ila kumrudisha kwenye Kiswahili. Kwa hiyo katika miaka yangu ya kufundisha nimejitafutia maneno ya mambo mengi, na mada ambayo maneno yake yalinijia kwa urahisi kuliko zote ilikuwa ya maji.

Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba chembe ndogo kabisa ya maji, ile tunayoiita molekuli, ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja una chaji hasi kidogo, upande wa pili una chaji chanya kidogo. Hasi ya huyu huivuta chanya ya yule, na ndivyo maji yanavyoshikana. Molekuli iliyo katikati ya beseni ina wenzake kila upande, inavutwa huku na huku, inatulia. Ile iliyo juu kabisa haina mwenzake juu yake. Inavutwa kando na chini tu. Basi uso mzima wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma.

Halafu nilikuwa nalaza wembe taratibu juu ya maji ya beseni, nao unaelea. Darasa linapiga makofi. Nikichovya ncha ya kidole kwenye sabuni ya maji na kugusa beseni, wembe unazama papo hapo. "Sabuni imejipenyeza katikati yao," nilikuwa nasema. "Imewalegeza. Ngozi haina nguvu tena." Nililisema hilo mwaka hadi mwaka, na halikuwa na uzito wowote kwangu.

Mimi na mume wangu tulikaa muda mrefu bila mtoto. Mume wangu ni fundi wa reli. Kazi yake ni kubadilisha mataruma yaliyochoka chini ya reli na kukaza njia, na mara nyingi anakaa kambini na wenzake porini, upande wa kuelekea Urambo, mahali ambapo simu haishiki. Watu wa Itetemia tunakoishi walikuwa wameshaacha kuniuliza, na mimi nilikuwa nimeshaacha kuhesabu nafsini mwangu kama mwanamke anayengoja. Kisha, nikiwa naikaribia arobaini, nikapata mimba. Nilimwambia mume wangu. Alitoka nje, akaanza kufagia uwanja, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya.

Mimba ilikaa vizuri hadi mwezi wa saba. Kilikuwa kiangazi, bomba la mtaani limekauka, na upepo ulikuwa unapeperusha vumbi hadi kwenye masufuria. Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Nilihisi maji ya moto yakinishuka miguuni. Nilidhani nimemwaga kitu. Nilipoinuka nikaona mkeka umelowa, ndipo nikajua kwamba chupa ya uzazi imepasuka.

Jirani yangu, mama mjane anayeuza mkaa, aliita bajaji, akapanda nami. Njia nzima alinishika goti na kurudia, "Tulia mwenzangu, tulia." Nilipiga simu ya mume wangu. Haikupatikana. Nikapiga tena tukiwa mlangoni mwa hospitali, haikupatikana.

Muuguzi aliyenipokea wodini alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alinipima, akamgeukia mwenzake, kisha akanirudia.

"Mama, tungepata muda wa siku mbili hivi tungekuchoma sindano ya kuyakomaza mapafu ya mtoto," alisema. "Lakini mtoto huyu anakuja sasa."

Alikuja kabla jua halijazama. Wa kike. Nilimwona kwa kitambo tu, mwekundu, mdogo mno, mwili wote umefunikwa na malaika, yale manyoya laini ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Alilia mara moja, sauti kama ya paka aliyefungiwa mahali mbali. Baada ya hapo sikusikia kilio. Nilisikia mguno. Kila alipotoa pumzi aliguna, kama mtu anayenyanyua mzigo, na kifua chake kilibonyea hadi mbavu zikaonekana moja moja.

Daktari wa watoto alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Aliniamkia, "Shikamoo mama," kisha akavuta kiti, akakaa. Nikajua kwamba daktari akivuta kiti habari si njema.

"Nimeambiwa wewe ni mwalimu. Wa somo gani?"

"Kemia na fizikia."

"Basi nitakueleza kama lilivyo. Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Ndani ya kila kifuko kuna utando mwembamba wa maji."

Sikumngoja amalize. "Na maji yanavutana," nikasema.

"Yanavutana."

"Kifuko kinanywea."

"Kila akitoa pumzi kinanywea, kuta zinagandana. Akitaka pumzi nyingine inambidi azibandue upya. Mimi na wewe tuna ute wenye mafuta unaokaa juu ya maji hayo na kuyalegeza. Mtoto huanza kuupata wa kutosha mwishoni mwa mimba. Wa kwako hakuufikia."

Nilimuuliza kama hakuna dawa. Alisema ute wenyewe unatengenezwa kama dawa, unapitishwa kooni hadi mapafuni, lakini hapo hawakuwa nao, na kwa hali aliyokuwa nayo mtoto safari ya kumpeleka mji mwingine isingemfikisha. Wangemweka kwenye mashine ya mapovu, ili kumsaidia vifuko visinywee kabisa, na kumngoja atengeneze ute wake mwenyewe. "Wapo wanaovuka," alisema. Hakuniambia ni wengi au ni wachache, nami sikumuuliza.

Watu husema afadhali kujua. Mimi nilitamani kutojua. Akina mama wengine mle wodini waliwatazama watoto wao na kumwomba Mungu, basi. Mimi niliona zile molekuli. Niliziona zikivutana mle ndani ya kifua kisichozidi ngumi yangu, bila nia mbaya, kama zinavyovutana kwenye beseni la darasani, na sikuwa na kitu cha kuzitenganisha.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kawaida kuliko nilivyotarajia. Mirija miwili midogo iliingia puani mwa mtoto, ikaleta hewa yenye msukumo. Mrija wa kutolea hewa ulitumbukizwa kwenye chupa ya maji, na kina cha mrija ndani ya maji ndicho kilichopima nguvu ya msukumo ule. Chupa ilitokota mapovu mfululizo. Nilijifunza kuisikiliza. Mapovu yakipungua, muuguzi alikuja akairekebisha mirija puani, na mlio ukarudi. Hata nilipokwenda msalani niliusikia ule mlio masikioni.

Maziwa nilimkamulia kwenye kikombe, muuguzi akayavuta kwa bomba la sindano na kuyapitisha kwenye mpira mwembamba ulioingia tumboni mwake. Yalikuwa machache. Tone lilining'inia kwenye ncha ya bomba, likajikusanya, likakataa kudondoka hadi lilipozidiwa na uzito wake. Muuguzi aliniambia, "Usiogope uchache wake. Tumbo lake ni kama punje ya karanga."

Mama yangu alifika siku ya pili kutoka Igalula, amebeba unga wa uji wa karanga ili nipate maziwa, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu kana kwamba anakuja kukaa mwezi. Alinawa mikono kama alivyoelekezwa, akasimama mbele ya mtoto. Hakumgusa. Alimtazama akiguna, akaondoka, akaja kukaa kitandani kwangu.

"Anaumwa nini?" aliniuliza kwa Kinyamwezi, lugha ambayo tukiwa mjini hatuitumii sana.

"Ni maji, mama. Maji ya mapafuni."

"Amekunywa maji wakati wa kuzaliwa? Amezama?"

"Hapana. Hayakuingia. Yapo kwa kila mtu. Hata wewe unayo."

"Minzi?" alisema, akiyataja maji kwa Kinyamwezi, akajiwekea mkono kifuani. "Mbona mimi nahema?"

Nikamweleza kwa maneno niliyoyatumia darasani, nikichanganya lugha zote mbili. Nilimwambia juu ya maji yanavyojivuta, na juu ya mafuta yanayoyalegeza, na kwamba mjukuu wake alitoka kabla hajayapata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe, hukuweza kumpa ya kwako?"

"Siwezi, mama. Hayapitii popote."

Alitikisa kichwa, akafungua kanga yake, akanifunika nayo mabega ingawa kulikuwa na joto.

Kwenye kitanda cha pembeni alikuwapo mwanamke kutoka Ulyankulu, mkulima, mtu wa zile familia ambazo wazazi wao walitoka Burundi. Mtoto wake naye alizaliwa kabla ya wakati, lakini alikuwa amekaa tumboni muda mrefu kidogo kuliko wangu, na hakuwa na mguno. Alimbeba kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, amemfunga kwa kitenge, mchana kutwa. Siku mtoto wangu alipopata nafuu kidogo, rangi ikamrudia na mbavu zikaacha kubonyea sana, muuguzi alisema nami nimbebe. Mwanamke yule ndiye aliyenifunga, kwa kitenge chake kingine.

"Usimkaze," aliniambia. "Aupate moyo wako tu."

Nilimpata kifuani, na mirija yake puani, na chupa ikitokota pembeni. Alikuwa na joto dogo sana, kama la yai lililotoka kutagwa. Alasiri ile yote nilikaa bila kujisogeza. Nilifikiri anavuka. Niliwaza tutakavyomvusha mtaani siku ya kwanza, na mume wangu atakavyoshindwa kumshika. Nilimwomba jirani yangu wa mkaa apitie kituo cha reli amtafute mtu wa kupeleka ujumbe kambini, na akarudi na jibu kwamba ujumbe umekwenda.

Asubuhi iliyofuata mguno ulirudi. Mchana ukawa mdogo, na mwanzoni nikafurahi. Muuguzi hakufurahi. Alimwita daktari. Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akaninong'oneza, "Mtoto amechoka kupumua, mama." Nikaelewa maana yake. Kila pumzi yake tangu azaliwe ilikuwa kazi ya kubandua upya vifuko vyote, na hakuwa na nguvu tena.

Mimi nililelewa katika kanisa la Moravian, mume wangu ni Mkatoliki, na tulifunga ndoa kanisani kwao. Muuguzi aliniuliza kama nataka abatizwe. Nikasema ndiyo. Alileta maji safi kwenye kikombe. Mwanamke wa Ulyankulu alisimama mahali pa mume wangu asiyekuwapo, akaanza Baba Yetu, mama yangu akafuata. Muuguzi alichovya vidole, akadondosha maji kwenye paji la uso, mara tatu, akamtaja kwa jina nililomchagulia. Maji hayakutiririka. Yalikaa kama matone ya mviringo juu ya malaika yake, yakang'aa, hayakumlowesha. Niliyatazama mpaka muuguzi akayafuta kwa pamba.

Alikufa alasiri ile akiwa kifuani kwangu. Hakukuwa na dalili kubwa. Chupa iliendelea kutokota mapovu, kwa sababu hewa ya mashine ilikuwa bado inapita, na ndiyo maana sikujua mara moja. Muuguzi alikuja akaifunga hewa. Kimya kilichofuata kilimfanya kila mama wodini ageuze uso.

Mume wangu alifika jua likiwa bado juu. Ujumbe ulikuwa umemfikia kambini kwa kuchelewa, akapanda kiberenge, kile kigari cha relini cha mafundi, hadi kituo cha karibu, kisha akaomba kila gari lililopita. Aliingia wodini na nguo za kazi, grisi mikononi, vumbi hadi kwenye kope. Alinikuta nimempakata, amevikwa kitambaa cheupe. Alitazama chupa, akatazama mirija iliyowekwa kando.

"Amelala?" aliuliza.

Mama yangu ndiye aliyemshika mkono akamtoa nje.

Kwetu kichanga hakiwekewi tanga. Mama alisema hivyo, na akasema pia kwamba hakililiwi kwa sauti, kwani kilio kinamfungia njia anayetaka kuja nyuma yake. Tulimzika makaburini tukiwa watu wachache, asubuhi, na mume wangu alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tulirudi nyumbani hakuna mkeka uliotandikwa nje, hakuna sufuria kubwa jikoni. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakakaa kidogo, wakasema, "Poleni. Mmepata malaika." Nikawaitikia. Maziwa, ambayo wodini yalikuwa ya kubembelezwa, sasa yalitoka yenyewe na kulowesha nguo. Mama alinifunga kifua kwa kanga, akanikaza hadi nikashindwa kuhema vizuri, akakaa nami majuma kadhaa kabla ya kurudi Igalula kwenye shamba lake.

Kisimani nilisikia maneno. Walisema nilibeba ndoo kichwani nikiwa mjamzito, na mwanamke wa umri wangu habebi ndoo. Ningeweza kuwaeleza. Nilishusha ndoo yangu, nikangoja zamu, nikateka, nikaondoka.

Likizo yangu ilipokwisha nilirudi shuleni. Mkuu wa shule aliniambia kuna mwalimu mwingine anayeweza kuichukua ile mada ya maji kwa mwaka huo. Sijui nani alimwambia kilichomuua mtoto. Nilimshukuru, nikakataa, kwa sababu niliona kwamba nikiikwepa mwaka huo nitaikwepa daima. Niliingia darasani na beseni langu. Nililaza wembe, ukaelea, wakapiga makofi. Kisha nikasimama na sabuni kwenye kidole, na nikashindwa kukishusha. Msichana wa dawati la mbele akauliza kwa upole, "Mwalimu, niiweke mimi?" Nikamwambia aiweke. Wembe ulizama. Niliwaeleza kwa nini umezama, sentensi kwa sentensi, nikaandika ubaoni, na kengele ilipolia nikabaki darasani peke yangu hadi kipindi kingine kilipokaribia kuanza.

Nyumbani hatukuzungumza. Si kwamba tuligombana. Mume wangu alizichukua safari zote za mbali ambazo wenzake walizikimbia. Akirudi, alikula, akaoga, akalala ameelekea ukutani. Hakuwahi kuniuliza mtoto alikufa kwa nini. Nilidhani hataki kujua, na nilimwonea wivu kwa hilo. Baadaye nilianza kumchukia kidogo, na chuki ile niliificha katika mambo madogo: chumvi iliyozidi, nguo zake zilizokaa siku nyingi bila kuanuliwa.

Mvua za kwanza zilipoanza alikuwa nyumbani. Tulikuwa ndani, adhuhuri, bati likipigwa hadi tukalazimika kupaza sauti. Alikuwa anakarabati stuli iliyovunjika mguu. Akaacha nyundo.

"Nieleze," alisema.

"Nikueleze nini?"

"Lile la maji. Mama yako aliniambia ni maji. Tangu siku ile nasema nitakuuliza."

Nikamweleza. Sikutumia maneno ya darasani safari hii, yalikuwa yamenikauka. Nilimwambia tu kwamba mapafu ya mtoto yalikuwa yanagandana yenyewe kila alipohema, kwamba kilichopaswa kuyaachanisha hakikuwa kimeiva, na kwamba alikuwa akivifungua vifuko vile upya kila pumzi hadi akachoka. Alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Kile kiberenge kilituharibikia njiani," alisema baadaye. "Tulikisukuma. Kuna mahali tulipumzika, tukanywa maji. Mimi ndiye niliyesema tupumzike."

Sikuwa najua hilo. Sikujua kwamba muda wote ule, akiwa ameelekea ukutani, alikuwa anakisukuma kiberenge.

"Hata usingepumzika," nilimwambia.

"Ningefika yu hai."

"Ungefika yu hai. Ungemwona. Lakini hata ungekuwa umekaa mlangoni tangu dakika aliyozaliwa, maji yangefanya vilevile."

"Na wewe?"

"Na mimi pia. Hata kama nisingebeba ndoo hata moja."

Aliinamisha kichwa magotini. Alilia kwa sauti, jambo ambalo desturi ilitukataza siku ya maziko, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna jirani aliyesikia. Nilikwenda nikakaa naye sakafuni. Hatukushikana. Tulikaa tu karibu, hadi mvua ilipopungua.

Mwaka uliofuata aliomba kazi ya karakana hapa mjini, akapewa. Hatukupata mtoto mwingine. Yule mwanamke wa Ulyankulu alitoka hospitali na mtoto wake akiwa hai; siku anaondoka alikuja kuniaga, akashindwa kuniangalia machoni, akaniachia kile kitenge alichonifunga nacho. Siwezi kukivaa wala siwezi kukigawa. Mume wangu siku hizi huniuliza mambo ya kazini kwangu, nami humuuliza ya kwake, na kuna siku tunacheka. Siku ile ya mvua alimaliza kutengeneza stuli, mimi nikaenda jikoni kusonga ugali. Alikula kidogo, akasema ameshiba, kisha akaomba chumvi, kwa kuwa siku hiyo sikuizidisha, akaendelea kula.